Upande wa Bwawa

Kambini, 4 Februari

Sindano mdogo wangu,

Nimefika. Salamu za mwanzo wa barua jijazie mwenyewe, karatasi ni chache na mambo ni mengi.

Huku ni bonde kati ya milima miwili, na kazi yetu ni kuliziba kwa zege. Mtandao haufiki, simu yangu imegeuka tochi. Barua zinakwenda na gari la vifaa, nalo hutoka kila baada ya wiki mbili, njia ikiwa nzuri. Kwa hiyo ukinijibu, jibu yote kwa mkupuo. Usiniandikie "mengine nitakueleza baadaye" kama kawaida yako. Baadaye ya huku ni mwezi.

Wamenifanya nyapara wa zege. Chini yangu watu thelathini na wawili, juu yangu vijana wawili wa ofisini ambao hawajawahi kubeba hata ndoo. Wameshanibandika jina, Bwana Sentimita. Nimewaambia wamechelewa, jina hilo nilipewa nyumbani na mdogo wangu mwenye ulimi wa sindano.

Sasa bwawa langu la samaki hapo nyumbani. Lina mita nne kwa mbili na nusu, kina sentimita tisini. Hizo ni lita elfu tisa. Kila Jumamosi toa moja ya tano, yaani lita elfu moja na mia nane, urudishe maji ya kisimani. Ya KISIMANI. Maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, na dawa hiyo haijui kutofautisha kijidudu na samaki, inawachoma matamvua. Kipimajoto kinaning'inia kwenye uzi mwekundu. Kikishuka chini ya ishirini na mbili, funika kwa turubai. Chakula ni kile wanachoweza kumaliza wakati wewe unafunga kamba za viatu, si zaidi. Wavu usiondolewe. Yule ndege mdiria bado anakaa kwenye waya wa umeme, anawachagua kama yuko sokoni.

Nimekuachia moli weusi arobaini, mkia-upanga thelathini na sita, gapi sitini na kitu (hao wanazaa kama wanakimbizwa), na malaika kumi na wawili, wale wenye mapezi marefu, pamoja na Bibi Harusi mwenyewe.

Najua watu wanasema nini. Mjomba alisimama palepale ukingoni akaniuliza, "Sasa hawa unawakaanga lini?" Nikamwambia hawakaangwi, wanatazamwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Acha acheke. Nyumba niliijenga tofali kwa tofali bila mjomba, na bwawa nililichimba bila mjomba. Mgongo wangu umebakiza zege la msimu mmoja tu. Baada ya hapo nakaa kwenye kigoda changu, nazalisha malaika, na mwenye hoteli kaniahidi atawachukua wote kwa bustani zake. Sitabebeshwa kitu na mtu tena.

Mama na bwawa. Hivyo viwili ndivyo nilivyokuachia. Vingine vyote hata vikiungua, niandikie kwa starehe. Mama mwekee kiti chake kivulini kabla hujaenda kwenye cherehani, na jagi lake la maji ya kisimani. Ya bomba hayagusi, anasema yananuka hospitali, na mimi namuunga mkono.

Kaka yako

*

Nyumbani, 17 Februari

Kaka Sentimita,

Shikamoo. Salamu nimejijazia, tena nimejipa nyingi kuliko ulizowahi kunipa tangu nizaliwe.

Samaki wako wapo. Nilijaribu kuwahesabu, wakanizungusha mpaka nikaona kizunguzungu. Anayetulia ni Bibi Harusi peke yake. Huyo anajua anatazamwa, anageuka taratibu kama mteja anayepimwa gauni. Moli wamezaa, ukingo mzima umejaa vitoto kama punje za pilipili manga. Kipimajoto ishirini na sita. Mdiria alitua kwenye wavu, akautazama, akanitazama mimi, akaondoka kwa hasira. Siku akipata mkasi tumekwisha.

Jumamosi nilibadilisha maji kama ulivyoagiza, na pampu ya kisima imenitoa malengelenge. Wiki nzima nashonea watu pale dukani, siku yangu ya kupumzika nakogesha samaki. Siku watakapojua kusema wataniita shangazi.

Mama mzima. Anakaa na bwawa kutwa, anaongea na samaki. Nikirudi jioni napewa taarifa: nani kamfukuza nani, nani mjamzito, nani ana kiburi. Jagi analimaliza. Mimi nakunywa chai ya dukani, nyumbani nakuja kuweka mbavu chini tu.

Ila kuna jambo. Fremu ya mlango wa chumba cha Mama, ule unaotokea nyuma kwenye bwawa, niliigusa na ufagio, ufagio ukaingia kama kwenye mkate. Mchwa. Wamejenga barabara yao ya udongo kutoka kwenye msingi mpaka kwenye bawaba. Tafadhali usiniandikie kwamba seremala alikuuzia mbao mbichi. Niambie nifanye nini.

Sindano

*

Kambini, 26 Februari

Sindano,

Marahaba. Seremala aliniuzia mbao mbichi.

Sasa sikiliza. Mchwa hawapuliziwi kwenye fremu. Hiyo ni kuwafukuza waende kwenye fremu ya pili. Dawa inamwagwa ardhini, kuzunguka msingi wote, wakose pa kupita. Nyuma ya soko la mbao kuna mtu anajiita Daktari Mchwa. Mwite. Lakini mtu huyo ni wa kusimamiwa. Sijawahi kuingiza fundi katika nyumba ile asinipunje. Wa rangi aliizidishia maji mpaka ukuta ukaonekana umelia. Wa bati aliniwekea msumari mmoja palipotakiwa misumari miwili. Wa saruji nilimkuta amekalia mifuko yangu miwili kama kuku anayeatamia. Kwa hiyo hesabu ni hii, uibandike ukutani aione:

Nyumba ni mita kumi na mbili kwa tisa. Mzunguko mita arobaini na mbili. Lita tano kila mita. Jumla lita mia mbili na kumi. Achanganye mbele ya macho yako, kwenye lile pipa la bluu. Atoboe matundu kando ya ukuta, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, amwage. Pipa likiwa tupu ndipo umwache aende zake.

Siku hiyo funika bwawa kwa turubai, mvuke wa dawa usiingie. Umeona? Niko mbali lakini nafikiria kila kitu.

Kaka yako

*

Nyumbani, 14 Machi

Kaka,

Daktari Mchwa alikuja. Alikuja amechelewa, sigara mdomoni, akaniazima ndoo, akaivunja. Hesabu yako niliibandika ukutani kwa pini zangu nne. Aliisoma akiwa ameshika kiuno, akasema, "Huyu anajua kuhesabu." Nikamwambia ndiyo, na mimi najua kusimamia.

Mbele kamwaga. Pande mbili za ubavuni kamwaga. Alipofika nyuma akasimama. Akalitazama bwawa, akakitazama kisima pale kwenye kona ya jiko, akazima sigara.

"Huku simwagi."

"Kwa nini?"

"Dada, huku kuna maji."

"Maji yamefunikwa. Huoni turubai?"

"Turubai liko juu."

"Ulitaka liwe wapi?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema dawa hii na kisima havikai ua mmoja, kwamba upande huu kichuguu chao atakifukua kwa mkono na jembe, na fremu ile tuitoe, tuweke ya chuma. Nikamwambia hatukumwita aje kulima. Akasema basi, akaanza kufunga vitu vyake.

Limebaki pipa. Nilichovya fimbo yenye alama kama ulivyonifundisha, zimo lita arobaini na tano. Anasema atakuja kulichukua akipata mkokoteni. Nimelifunika kwa ubao na tofali juu, lakini harufu inatoka vilevile. Mama anasema linanuka kama kitunguu saumu kilichochovywa kwenye mafuta ya taa.

Samaki wazima. Bibi Harusi ametaga kwenye jani la yungiyungi, mayai yamepangwa mstari kama shanga. Nilidhani utafurahi, nikaiweka mwisho ili umalize barua na uso mzuri.

Sindano

*

Kambini, 22 Machi

Sindano,

Sikumaliza na uso mzuri. Nilikwama kwenye arobaini na tano.

Ukuta wa nyuma ni mita tisa. Tisa mara tano ni arobaini na tano. Hata kuiba anaiba kwa hesabu yangu! Ati mkokoteni. Lita zile zina mwenyewe tayari, zina nyumba inayozingoja. Na wewe umesimama hapo, pini mkononi, ukamwacha akutishe kwa neno "maji".

Hebu jiulize, mlango uliomwitia uko upande gani? Nyuma. Yaani kamwaga dawa pande tatu ambazo hazina mchwa, akauacha upande wenye mchwa. Huyo ni daktari au ni mgonjwa?

Bwawa langu nimelipiga plasta mara mbili, kwa saruji isiyopitisha maji. Halipitishi hata jasho. Kisima kina pete za zege kutoka juu mpaka chini, nilizimwaga mimi. Mimi ndiye ninayejua nini kinapita wapi katika ua ule, si mtu aliyevunja ndoo.

Amwage yote. Akikataa, asiondoke na hata kikombe kimoja. Sitaki kusoma tena kwamba kuna dawa yangu imebaki kwenye pipa. Nataka kusoma neno moja: tupu.

Mayai ya Bibi Harusi yalinde na konokono.

Kaka yako

*

Nyumbani, 5 Aprili

Kaka,

Tupu.

Umetaka neno moja, hilo hapo. Usiniulize zaidi, pipa nimelisuuza na kulifudikiza, watoto wa jirani wanalipiga ngoma.

Na nikupe haki yako, dawa ni kali kweli. Barabara ya mchwa imekauka, ukiigusa inamwagika unga. Mvua zimeanza, kila mwaka zikija na mbu wao, mwaka huu hakuna mbu hata mmoja. Vyura pia wamenyamaza. Ule ugomvi wao wa msimu wa mvua, uliokuwa unakufanya urushe viatu dirishani, haupo. Ua uko kimya mpaka nasikia bati likipoa.

Ila Jumapili asubuhi nilikuta gapi kumi na mmoja wanaelea. Jumamosi walikuwa wazima, tena nilikuwa nimetoka kuwabadilishia maji, nikajua watafurahi. Wengine walikuwa bado wanazunguka, wanazunguka, kama pia ya mtoto, halafu wanalala ubavu. Mayai ya Bibi Harusi yamekuwa meupe kama chaki. Sikuona konokono hata mmoja. Konokono wenyewe hawapo.

Mama anatoka jasho sana siku hizi, hata kukiwa na baridi ya mvua. Anasema maji ya kisima yameingia ladha. Nikamwambia ni mvua, Mama, kila kitu kinaonja mvua.

Sindano

*

Kambini, 13 Aprili

Sindano,

Kumi na mmoja. Huo si ugonjwa, huo ni uzembe. Nitaje, na wewe ujikague. Unawalisha kupita kiasi. Unaingiza mikono yenye sabuni. Unasahau wavu. Au mjomba amekuja na ndoo yake na kichekesho chake, na wewe unanifichia. Samaki anayezunguka kama pia ameishiwa hewa katika maji machafu, mtu yeyote anayefuga anajua hilo.

Dawa yake ni maji safi. Acha kubadilisha moja ya tano. Badilisha mbili ya tano, yaani lita elfu tatu na mia sita, na ufanye Jumatano na Jumamosi. Ya kisimani, usije ukashawishika na urahisi wa bomba. Nikirudi nikakuta umewapa maji ya bomba, nitajua kwa kuwatazama matamvua.

Mama ni unyevu wa mvua tu, unakaba watu wa umri wake. Anywe maji kwa wingi. Hiyo ladha ni chokaa ya pete za kisima, mvua inaziosha. Inajenga mifupa, mwambie nimesema mimi.

Huku tumemwaga nguzo ya nne. Wale vijana wa ofisini walikosea kipimo cha nondo, nikawaonyesha, wakasema asante kana kwamba nimewaokotea kalamu. Hata asante wanaipunja. Mvua ni kubwa, dereva wa gari la vifaa anasema daraja limeanza kutikisika.

Kaka yako

*

Nyumbani, 26 Aprili

Kaka,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mjomba hajakanyaga hapa. Mikono yangu haina sabuni, ina malengelenge. Jumatano naomba ruhusa dukani niwahi kusukuma pampu, na tajiri wangu ananitazama kama mwizi wa vifungo. Nimefanya ulivyosema, lita kwa lita.

Nakuandikia hesabu uipendayo. Mkia-upanga wamebaki wanne. Moli sita. Gapi hakuna. Malaika wamekwisha wote isipokuwa Bibi Harusi, naye amelala ubavu kwenye kona, anafungua mdomo na kufunga kama anayetaka kuniambia kitu. Kila nikibadilisha maji, kesho yake wanakufa. Nikichelewa siku moja, wanatulia kidogo. Nikibadilisha, wanakufa. Sielewi, kaka. Mimi ni mshonaji. Nguo ikinibana mahali najua pa kufumua, lakini hapa sijui.

Mdiria naye amekufa. Wavu ulikuwa umefunguka pembeni, akapata alichokuwa anakitamani tangu mwaka jana. Nilimkuta chini ya waya, mbawa wazi, rangi zake zote bado zinang'aa. Nilisikitika, nikashangaa kwamba nasikitika.

Na Mama. Nilikuwa sitaki kukuandikia, najua ukiwa juu ya jukwaa lazima kichwa chako kikae sawa. Mkono wa kulia unamtetemeka. Kope la jicho linarukaruka. Mate yanalowesha mto. Anasema taa yetu imefifia, nimebadilisha balbu, anasema bado imefifia. Nilimpeleka zahanati. Walimpima presha, wakasema ni uzee na tumbo, arudi nyumbani, apumzike, anywe maji mengi. Nikawaambia hata kaka yangu, daktari wa samaki, kasema hivyohivyo. Hawakucheka. Mama alicheka, lakini kwa upande mmoja.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimelibana, maana naona kama linanitazama kila nikipita uani. Dawa ile si Daktari Mchwa aliyeimwaga. Nilimfuata kibandani nikamsomea barua yako. Akasema, "Mwambie kaka yako dawa ni yake, pipa ni lake, ua ni wake. Mkono ni wangu, na mkono wangu haumwagi pale." Nikaona aibu kurudi na kukuandikia kwamba nimeshindwa na mtu wa sigara. Basi nikavaa glavu za Mama za jikoni, nikafunga kitambaa puani, nikamwaga mimi. Kutoboa matundu kando ya ukuta nilishindwa, sakafu ya nje ni ngumu, nilipiga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaona ile kona ya jiko, penye kokoto, udongo wake unakunywa haraka. Nikamimina hapo. Zote. Zilizama kabla hata sijainyanyua ndoo ya pili, nikajua zimefika chini kabisa, zitawapata mchwa huko huko kwao.

Nilikosea? Niambie tu. Hasira zako nimezizoea, ni kimya ndicho sijakizoea, na ua wetu siku hizi una kimya kingi.

Sindano

*

Kambini, 5 Mei

Sindano,

Ukiishika hii barua usikae. Soma umesimama.

Mwondolee Mama jagi. Kama liko mdomoni, litoe mdomoni. Asinywe, asioshwe, asipikiwe kwa maji ya kisima. Wala wewe. Fungua bomba. Maji ya bomba, Sindano. Yale ya bomba.

Mpeleke hospitali kubwa, si zahanati. Usianze na salamu, usianze na umri wake. Neno la kwanza litoke mdomoni mwako liwe "dawa ya mchwa". Nenda kwa yule fundi akupe kopo lenye maandishi ubebe nalo. Mpigie magoti ikibidi, mwambie nimekutuma mimi umpigie kwa niaba yangu.

Ile kona ya jiko. Chini ya kokoto kuna mtaro. Niliuchimba mimi, upana wa sentimita arobaini, ili maji ya paa yasipotee. Unakwenda mpaka kwenye pete ya pili ya kisima, na pete hiyo niliitoboa matundu sita makusudi, mvua ikinyesha kisima kijazwe. Paa lile lina mita za mraba zaidi ya mia. Kila mvua ya sentimita moja inapitisha pale zaidi ya lita elfu. Zimepita kwenye lita zako arobaini na tano. Nimepiga hesabu mara tatu na kila mara inatoka ileile, na inaishia kwenye jagi.

Nilikuandikia pete ni za zege kutoka juu mpaka chini. Sikukuambia matundu. Hakuna niliyemwambia. Nilikuwa najivunia peke yangu.

Samaki walikuwa wanakuambia kila Jumapili. Nami nikakuagiza uongeze.

Daraja limekatika jana. Gari halitoki. Nimekwenda kwa vijana wa ofisini kuomba redio, ni ya kuongea na kambi ya chini tu, na kambi ya chini haina mtu tangu mafuriko. Mpima ardhi anavuka mlima kwa miguu na barua hii ameifunga kwenye nailoni. Mimi nitamfuata kesho mgongo ukikubali, na usipokubali pia.

Usibadilishe maji ya bwawa. Waache wafe.

Mimina jagi. Mimina jagi. Mimina jagi.

Kaka yako

*

Nyumbani, 7 Mei

Kaka Sentimita,

Posta wanasema daraja la huko limekwenda na maji, barua haziingii wala hazitoki. Naandika hivyohivyo, nikikaa bila kukuandikia nahisi kama nimekununia, na sijakununia.

Bwawa limekwisha. Mkia-upanga wa mwisho nilimtoa jana. Maji ni safi ajabu, kaka, unaona mpaka plasta ya chini, unaona mpaka uzi mwekundu unakoishia. Halina kitu.

Lakini nina habari ya kukufurahisha, na ndani yake kuna kosa, unisamehe kwanza ndipo usome. Pampu ya kisima ilikatika mpini Jumamosi ileile niliyotaka kumbadilishia maji Bibi Harusi. Sikuwa na namna. Nikachota ya bomba kwenye beseni, nikayaacha juani yapunguze ile harufu, nikamtia humo huku nimefumba macho. Nilijua nimemuua. Leo anaogelea! Amesimama wima, mapezi wazi, anageuka taratibu kama zamani. Amekula. Najua ulisema utawatazama matamvua, basi njoo umtazame, ni mekundu na mazuri. Nimemweka mezani chumbani kwa Mama ili amwone.

Kwa Mama sikukuvunjia amri. Mpini ulipokatika nilishusha ndoo kwa kamba, maana ya bomba asingeyanywa, na wewe ungejua. Tajiri kanipa ruhusa ya wiki nzima nikae naye. Sasa anashindwa kushika kikombe, mimi ndiye ninayemnywesha, kijiko kwa kijiko, na namhesabia kama wewe, majagi mawili kwa siku, hajaacha tone. Anasema ile chokaa yako imezidi. Nikamwambia inajenga mifupa, kaka kasema. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu yule anajua hesabu."

Mvua imekatika, jua ni kali, dirisha nimelifungua lote. Nasikia ananiita. Anauliza mbona nimezima taa.

Ngoja nikamnyweshe.

Sindano